Mivinje ya Bamburi

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa kwenda upande wa kaskazini huvuka daraja la Nyali, akapita Kengeleni, akaingia katika barabara kuu iendayo Malindi. Siku za kazi njia hiyo hujaa watu wa Kisauni waendao na kurudi katika shughuli zao. Lakini siku za Idi, Krismasi na mwaka mpya hujaa wasafiri wa namna nyingine. Matatu zimejaa watoto waliovaa nguo mpya, akina mama wamepakata masufuria ya pilau yaliyofungwa vitambaa, akina baba wameshika mikeka na madumu ya maji. Wengine wametoka Likoni, nao wamekwisha kuvuka kwa feri tangu asubuhi. Wengine wametoka Changamwe kwa njia ya Makupa. Wote waelekea Bamburi. Huko baadhi yao watashuka pwani kuoga, na baadhi wataingia katika msitu wa mivinje kutazama twiga, mamba, viboko na kobe wakubwa.

Pwani ile ni ya asili. Haikutengenezwa na mtu. Msitu si hivyo. Yeyote atembeaye chini ya mivinje ile, akasikia upepo ukivuma katika matawi na ndege wakiitana, hudhani kwamba miti hiyo yalikuwapo tangu zama za mababu. Sivyo. Mwaka 1970 mahali hapo palikuwa shimo jeupe lisilo na jani moja. Kabla ya shimo palikuwa mwamba, na kabla ya mwamba palikuwa bahari. Jinsi mambo hayo yalivyofuatana ni habari inayostahili kujulikana na kila mwanafunzi wa pwani, kwa maana kitabu cha historia hakiandikwi kwa wino peke yake.

Tuanze na jiwe. Ukichukua kipande cha ukuta wa nyumba yoyote ya kale ya Mombasa ukakitazama kwa makini, utaona ndani yake vitundu vidogo vidogo na mistari kama ya sega la nyuki. Hivyo ni makao ya matumbawe, yaani wanyama wadogo sana wa baharini ambao hujijengea nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi, mpaka zikawa miamba. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilisimama juu kuliko ilivyo leo, na ukanda wa nchi ambao sasa una Likoni, Nyali, Bamburi na Shanzu ulikuwa chini ya maji. Bahari iliposhuka, miamba ya matumbawe ikaachwa juani, ikakauka, ikawa jiwe. Juu yake pakakusanyika udongo haba, na katika udongo huo wakaja watu wakapanda.

Watu wa pwani walilijua jiwe hilo zamani sana. Kaskazini ya mlango wa Mtwapa yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji uliokaliwa katika karne ya 14, na misikiti yake na nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 hawakuleta mawe kutoka Ulaya. Waliuchonga mwamba uliokuwa chini ya miguu yao. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya chungu kubwa ya magogo, kisha majivu meupe yakaachwa yapoe na kukomaa. Kwa hiyo si haki kusema kwamba kuchimba mwamba wa pwani ni uvumbuzi wa wageni. Sisi wenyewe tumekaa ndani yake, tumesali ndani yake na tumezikwa chini yake. Lakini mchimbaji wa zamani alikuwa na mtaimbo, nyundo na mikono miwili. Shimo lake lilikuwa dogo, na mtu wa makamo aliweza kuona kichaka kimeota mahali ambapo babake alichimba.

Katika siku hizo bara ya Mombasa ilikuwa shamba la kisiwa. Wenyeji wa mji, wale wa Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, pamoja na wenzao wa Tisa Taifa, walikuwa na mashamba Kisauni, Likoni, Mtongwe, Jomvu na Changamwe. Neno utalii halikuwa midomoni mwa watu. Mtu alisema anakwenda mashamba, au anakwenda kupunga upepo, na maana yake ilieleweka: wakati wa maembe au wa mavuno, jamaa nzima ilivuka maji, ikakaa siku kadhaa chini ya minazi na miembe, watoto wakala na kucheza mpaka wakachoka. Shamba lilikuwa mahali pa kazi na mahali pa kupumzika kwa wakati mmoja.

Palikuwa pia na siku ya mwaka. Waswahili walikuwa na hesabu ya siku 365, iliyogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, nayo iliwafaa mabaharia na wakulima kuliko mwezi wa mwandamo, ambao hauendi pamoja na misimu ya pepo na mvua. Mwanzo wa hesabu hiyo ndio siku ya mwaka. Alfajiri watu walishuka baharini kuoga, ili uchafu na mikosi ya mwaka uliopita iende na maji. Na katika mji wa Mvita ng'ombe alizungushwa kabla ya kuchinjwa, nyama yake ikaliwa kwa pamoja. Vijana wa leo wanaoruka mawimbi ya Bamburi tarehe mosi Januari wakidhani wanafuata mtindo mpya hawajui kwamba kuoga mwaka ni jambo la kale katika ufuo huu kuliko kalenda waifuatayo.

Si wote waliokuja bara kwa furaha. Jina la Kengeleni, ambalo utingo wa matatu hulitaja mara mia kwa siku, lina historia nzito. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwa Sultani Barghash wa Unguja ili biashara ya watumwa ya baharini ikomeshwe, na mkataba ukatiwa sahihi mwezi wa Juni mwaka huo huo. Manowari za Waingereza zilikamata majahazi yaliyobeba watumwa. Basi ikalazimu patafutwe mahali pa kuwaweka watu hao waliookolewa, ambao wengi wao hawakuweza tena kurudi kwao. Wamisionari wa Church Missionary Society wakapata ardhi upande wa bara, mkabala wa kisiwa, na mwaka 1875 kijiji kikasimama. Kikaitwa Frere Town. Miongoni mwa waliokiendesha walikuwamo Waafrika waliokuwa wamekombolewa mapema zaidi, wakasomeshwa Nasik katika Bara Hindi, kisha wakarudi Afrika wakiwa mafundi na walimu. Kengele iliyotundikwa pale iliwaita watu katika ibada na kazi, na husemwa pia kwamba ililia kuwaonya walipoingiwa na hofu ya wateka-watumwa. Mnara wake ungaliko kando ya barabara, na magari huuzunguka mchana kutwa. Katika kila familia mia zipitazo hapo kwenda pwani, sidhani kama mbili husimama kuutazama.

Jirani ya hapo, Nyali, ardhi kubwa ikawa shamba la mkonge. Mwaka 1931 likafunguliwa daraja la kwanza la Nyali, nalo lilielea juu ya maboya, na wavukao walitozwa ushuru. Daraja hilo lilitumika kwa karibu miaka hamsini, hadi 1980, lilipokamilika daraja la sasa la zege. Jambo la kuvuka laonekana dogo, lakini daraja ndilo lililofanya Kisauni kuwa sehemu ya mji. Kabla yake bara ya kaskazini ilikuwa ya wenye mitumbwi na wenye subira.

Sasa twafika katika shimo lenyewe. Mwaka 1951 Felix Mandl, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya Cementia ya Uswisi, alianzisha kampuni ya saruji hapo Bamburi, na mwaka 1954 saruji ya kwanza ikatoka. Mahali palichaguliwa kwa akili. Saruji hufanywa kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, yakachomwa katika tanuri mpaka joto lifike nyuzi 1,450 hivi, kisha yakasagwa tena. Mawe ya chokaa yalikuwa hapo hapo, bahari ilikuwa karibu, bandari ya Kilindini haikuwa mbali, na nchi ilikuwa ikijenga mabarabara, shule na nyumba kwa haraka. Ule mwamba wa matumbawe ambao mchimbaji mmoja alikuwa akiubomoa kwa mtaimbo sasa ulilipuliwa kwa baruti na kuchukuliwa kwa magari makubwa, mchana na usiku.

Yapasa tuseme wazi faida yake. Maelfu ya watu walipata kazi, wa pwani na wa bara, na vijiji vya Bamburi na Kisauni vikakua. Yeyote asomaye insha hii katika darasa lenye sakafu ya saruji amekanyaga, pengine bila kujua, sehemu ya mwamba huo. Lakini hasara nayo ilikuwa wazi. Udongo wa juu uliondolewa, mwamba ukachongwa kwenda chini mpaka karibu na kina cha maji, nayo maji hayo yalikuwa ya chumvichumvi. Kilichobaki kilikuwa sakafu nyeupe inayong'aa juani kiasi cha kuumiza macho. Hapakuwa na udongo, hapakuwa na kivuli, wala hapakuwa na mdudu. Mchana jiwe lilitoa joto kama sufuria mekoni.

Katika mwaka 1959 kiwanda kilikuwa kimemwajiri René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi katika shamba la kahawa Tanganyika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimamia bustani na mashamba ya kiwanda. Mwaka 1971, baada ya uchimbaji wa miaka kama 17, alipewa jukumu la kujaribu kuotesha kitu katika machimbo yaliyoachwa. Wengi wangalifanya jambo rahisi, yaani kuleta udongo kwa magari kutoka mahali pengine na kuufukia mwamba. Haller hakufanya hivyo. Kuleta udongo ni kuchimba shimo la pili ili kufukia la kwanza. Yeye alitaka kuona ni mti gani utakaokubali kuishi juu ya jiwe tupu.

Aina 26 za miti zilipandwa. Baada ya miezi michache nyingi zilikuwa zimekufa. Zilibaki tatu tu: mnazi; mti mmoja wa nchi kavu ambao Wasomali huuita damas; na mvinje. Kwa mtu asiyejua kazi ya shamba, tatu kati ya 26 ni kushindwa. Kwa mkulima ni ushindi, maana hakuwa akitafuta miti 26. Alikuwa akitafuta mmoja.

Mvinje ni mti tuujuao sana pwani. Huota ufuoni, karibu na maji ya chumvi, na upepo ukivuma hulia kama mtu anayepumua kwa nguvu. Kile tukiitacho majani yake, zile sindano nyembamba za kijani, kwa hakika ni vijitawi, na majani yenyewe ni madogo hata hayaonekani kwa urahisi. Kwa hiyo mti haupotezi maji mengi. Lakini siri yake kubwa imo mizizini. Huko kuna vinundu ambamo huishi vijidudu vidogo sana, navyo vina uwezo wa kuichukua hewa ya naitrojeni na kuigeuza chakula cha mti. Mche ulioletwa machimboni bila vijidudu hivyo ulidhoofika. Basi udongo kidogo uliokuwa chini ya mivinje mikubwa ulichukuliwa ukatiwa penye miche, na vijidudu vikaenda pamoja nao. Baada ya hapo mivinje ilikua kwa kasi ya ajabu, na kwa mara ya kwanza kivuli kikaonekana mahali ambapo kulikuwa na jua tupu.

Hata hivyo msitu haukuwa bado. Sindano za mvinje zilianguka zikajaa chini, kavu na ngumu, wala hazikuoza. Zina utomvu mkali uchukizao wadudu wengi, na bila kuoza haziwezi kuwa udongo. Kazi ya miaka ingeweza kuishia hapo, miti ikawa imesimama juu ya zulia la taka zake yenyewe. Siku moja ikaonekana kwamba jongoo mmoja mwenye miguu myekundu alikuwa akila sindano hizo bila kudhurika. Jongoo! Mnyama ambaye watoto humchokoza kwa kijiti ili ajikunje, na watu wazima humfagia nje ya nyumba pasipo kumfikiria mara mbili. Majongoo kwa mamia wakakusanywa na kuachiliwa machimboni. Wakatafuna, na kinyesi chao kikawa chakula cha vijidudu vingine, na kidogo kidogo tabaka la udongo mweusi likaanza kufanyika juu ya jiwe.

Wahenga walisema: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Walikuwa wakizungumza habari ya chuki, kwamba amchukiaye mtu huchukia na vyake vyote. Bamburi methali hiyo imepata maana ya pili ambayo wahenga hawakuikusudia, kwa sababu pale asiye na jongoo hana mti.

Baada ya udongo kupatikana, mengine yalikuja kwa haraka zaidi, mengine kwa kuletwa na mengine yenyewe. Ndege walileta mbegu, na upepo ukaleta nyingine. Miti ya asili ya pwani ikapandwa chini ya kivuli cha mivinje. Mahali sakafu ya shimo ilipogusa maji, mabwawa yalitengenezwa na samaki aina ya perege wakafugwa. Pofu na choroa waliletwa, kisha twiga, na viboko yatima wakapata makao. Haller alipenda kila kitu kiwe na kazi, na kila taka iwe chakula cha mwingine. Maji yaliyotoka katika mabwawa ya samaki, yakiwa na mbolea ndani yake, yalikwenda kunywesha bustani. Mwaka 1984 machimbo hayo yalifunguliwa kwa watu wote waje kutembea, na mwaka 1987 Umoja wa Mataifa, kwa shirika lake la mazingira, ulimtia Haller katika orodha yake ya heshima iitwayo Global 500. Baadaye mahali penyewe pakaitwa kwa jina lake, Haller Park. Upande wa pili wa barabara, njia za kutembea na za baiskeli zilifunguliwa katika machimbo mengine yaliyopandwa miti, na kule Nguuni, penye mikoma na nyasi, pofu na mbuni hutazamwa jua linapozama.

Dunia nzima ililijua jina la Bamburi kwa jambo ambalo halikutazamiwa. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari iliinuka baada ya tetemeko la ardhi karibu na Sumatra, na mawimbi yakafika hata pwani ya Kenya. Huko Malindi alionekana mtoto wa kiboko, aliyetengana na kundi lake, amekwama juu ya mwamba wa bahari. Wavuvi na watu wengine wa Malindi walihangaika naye kwa nyavu na kamba mpaka wakamkamata, na siku ya pili akaletwa Bamburi. Akapewa jina Owen, kwa heshima ya mmoja wa waliomkamata. Alipofunguliwa, alikimbia moja kwa moja akajificha nyuma ya kobe mkubwa aitwaye Mzee, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130 hivi. Mwanzoni kobe alimkimbia. Baada ya siku chache walikuwa wakila pamoja na kulala pamoja, na hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya mwaka. Vitabu viliandikwa kuhusu wawili hao vikasomwa na watoto wa nchi nyingi. Mwaka 2007 Owen alihamishwa akakae na kiboko mwenzake, kama ilivyostahili.

Kisa hicho husimuliwa kwa kusifu urafiki, na mimi sina neno juu ya sifa hiyo. Lakini mwanafunzi wa historia na atazame jambo jingine. Kobe wa namna ya Mzee asili yao ni kisiwa cha Aldabra katika Shelisheli. Kiboko alitoka Malindi. Ule mti wa damas ulitoka Somalia, na fundi wa bustani alitoka Uswisi. Wafanyakazi walitoka Kisauni, Taita, Ukambani na kwingineko. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa katika shimo hilo. Msitu wa Bamburi ni mji wa wahamiaji, kama Mombasa yenyewe, na kama kile kijiji cha Kengeleni kilivyokuwa mwaka 1875.

Sasa yafaa kuuliza swali ambalo mgeni aliyelipa kiingilio haulizi: je, bustani imelifuta shimo? Jibu langu ni hapana, wala siamini kwamba waliopanda miti walidhani hivyo. Mwamba uliochukuliwa haurudi. Matumbawe yaliujenga kwa maelfu ya miaka, na tanuri iliumaliza kwa kizazi kimoja. Saruji ingali inatengenezwa Bamburi. Kampuni yenyewe imepita katika mikono kadhaa: ilikuwa chini ya Lafarge ya Ufaransa kwa miaka mingi, na mwishoni mwa mwaka 2024 ikanunuliwa na Amsons ya Tanzania. Kila mwenye mali mpya hurithi matanuri na mivinje pamoja, na ni juu yake kutunza vyote viwili. Lakini nikilinganisha na mashimo mengine mengi ya mawe katika bara ya Mombasa, ambayo yaliachwa wazi yakajaa maji ya mvua, taka na mbu, siwezi kuidharau kazi iliyofanywa pale. Imethibitisha kwamba shimo si lazima libaki shimo, na baada ya kuthibitishwa jambo hilo, aachaye lake wazi hana udhuru wa kusema haiwezekani.

Upo upande mwingine wa hesabu, nao wawahusu zaidi wale wenye mikeka na masufuria tuliowaacha ndani ya matatu. Bustani ina lango, na lango lina bei. Baba mwenye watoto sita huhesabu nauli ya kwenda na kurudi, huhesabu madafu na kachiri, kisha huhesabu kiingilio, na mara nyingi huishia pwani. Pwani haina bei. Tangu mwaka 1986 maji ya sehemu hiyo yamo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, na miamba hai ya matumbawe, ndugu za ule mwamba uliokwenda tanurini, hulindwa humo pamoja na samaki wake. Na ufuo wenyewe? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna tajiri awezaye kuiita yake.

Maneno hayo ni mazuri, lakini mtu hafiki ufuoni kwa kuruka kama ndege. Toka Nyali hadi Shanzu viwanja vya mbele ya bahari vimejaa mahoteli na majumba, ukuta umeshikana na ukuta, na vijia ambavyo wavuvi walivitumia zamani vimekuwa vyembamba au vimezibwa. Bahari ni ya watu wote, na njia ya kuifikia ni ya wachache. Ndiyo sababu uwanja wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ambao wengi huuita Pirates, una thamani kubwa kuliko uonekanavyo. Hauna bustani wala sanamu. Una mchanga, ngamia wa kupandisha watoto, vijana wanaokodisha mipira ya magari kwa wasiojua kuogelea, wauzaji wa viazi karai, mabuyu, achari na mihogo ya kukaanga, na kelele zisizokoma. Mpenda utulivu hatafurahi hapo siku ya Idi mosi. Lakini pale ndipo mtoto wa Mishomoroni, wa Mtongwe na wa Mikindani hukutana na bahari bila kuulizwa na mlinzi anakwenda wapi. Kama lango lingewekwa hapo, au kama kiwanja hicho kingemegwa kidogo kidogo kama vilivyomegwa vingine, wengi wangebaki na bahari ya kutazama kutoka juu ya feri.

Watu wa Kisauni waliwahi kupaza sauti mara kwa mara juu ya njia za ufuoni, na kila wanapofanya hivyo hujibiwa kwamba utalii huleta fedha. Ni kweli kwamba huleta. Uwanja wa ndege wa Changamwe ulipopanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili ndege kubwa za ng'ambo zitue, maelfu ya vijana wa bara ya Mombasa walipata kazi za upishi, udereva na uchongaji wa vinyago. Lakini mpishi wa hoteli naye ana watoto, na siku yake ya mapumziko hutaka kuwapeleka kuoga.

Katika msitu, wakati huo huo, kazi inaendelea polepole. Mvinje haupendi kivuli, hata kivuli chake mwenyewe. Mbegu zake hazioti chini ya mti mama. Mivinje ya kwanza imezeeka, na mingi imekwisha kukatwa, ikawa nguzo na kuni. Mahali pake pameota miti ya asili ambayo isingeweza kuishi juu ya jiwe tupu, na chini ya miti hiyo, penye unyevu, ukifunua majani makavu baada ya mvua ya masika, utawakuta majongoo wenye miguu myekundu wakiendelea kula.